Mwani mdogo, maji machafu ya viwandani na hadithi ya dizeli: maswali tunayoulizwa Unguja na Pemba

Tuna tangi moja la majaribio, la kukuza mwani mdogo kwenye maji machafu ya viwandani, la kijani kama mchuzi wa mchicha, na kila mgeni anayelichungulia huuliza zimetoka lita ngapi za dizeli. Jibu la mkato ni hili: maji yatasafika, gesi ya kupikia itapatikana, dizeli itakuwa kidogo mno. Anayetaka kujua kwa nini, aendelee kusoma. Maswali nimeyaacha yafuatane kama yanavyotujia pale tangini.

Huu si ndio mwani ule ule wa Paje na Jambiani?

Jina moja, viumbe viwili. Ule tuliouzoea, unaofungwa kwa taitai na kuvunwa maji yakipwa, ulianza kulimwa kibiashara hapa Zanzibar mwaka 1989, na unashikika mkononi. Huu wa tangini, chembe moja ndiyo mwili wake wote. Chlorella, kwa mfano, ina upana wa mikroni 2 hadi 10, na unywele wa mtu una kama 70. Bila hadubini huoni mmea, unaona maji yamegeuka rangi. Na hakuna mtu asiyewahi kuuona: ni ule ukijani wa pipa la maji ya mvua lililosahauliwa wazi juani. Hapa tutauita mwani mdogo ili tusigombane na wakulima wa pwani.

Kwa nini basi msikamue mafuta kwenye mwani wa pwani, maana upo tele?

Kwa sababu hauna mafuta ya kukamua. Ukiukausha, mafuta yake ni asilimia chache tu. Thamani yake iko kwenye karaginani, ule utomvu unaokwenda kwenye vyakula na dawa za meno. Kuuchoma ni sawa na kukata mkarafuu upate kuni.

Maji machafu yana nini hata mwani uyapende?

Yana mbolea. Damu ya samaki, maziwa yaliyomwagika wakati wa kuosha mitungi, vipande vya nyama, vyote vikioza hutoa nitrojeni na fosforasi, vitu vile vile mkulima wa mpunga anavyovinunua kwa magunia. Mwani ukivila hukua, na maji yanayobaki huwa mepesi zaidi kuyaachia.

Kazi haifanywi na mwani peke yake. Ndani ya tangi kuna bakteria wanaokula uchafu unaooza na kupumua hewa ukaa. Mwani huichukua hewa ukaa ile pamoja na jua, na kurudisha oksijeni, ambayo bakteria wanaihitaji ili waendelee kula. Huko California, mhandisi William Oswald na wenzake waliijenga mbinu hii kwa mabwawa ya kina kifupi tangu miaka ya 1950, na wao shabaha yao ilikuwa kusafisha maji taka ya mjini. Mafuta yalikuja kuzungumzwa baadaye.

Tukiyaacha maji haya yaende baharini kama yalivyo, mbolea ile ile huko huzalisha mwani mwingine tusiouomba, unaofunika matumbawe na kuziba pumzi za viumbe vya chini. Kwa kisiwa kinachoishi kwa samaki na watalii, hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya kuhangaika na tangi.

Maji ya kiwanda gani yanafaa hapa kwetu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, maana jibu lake hulipati kwenye vitabu vya Wazungu.

Maji ya kuoshea samaki sokoni na kwenye vyumba vya baridi ni mazuri sana, mradi magamba na matumbo yachujwe kwanza. Maji ya viwanda vya maziwa nayo mazuri, ila ni makali: ukiyamwaga yote kwa pamoja yanaoza kabla mwani haujaamka. Yanataka kuchanganywa na maji mengine au kupitishwa kwanza kwenye mtungi wa bayogesi, ule unaoozesha uchafu pasipo hewa na kutoa gesi ya kupikia. Ya machinjioni yana nitrojeni nyingi kupita zote, na wekundu wake unazuia jua, kwa hiyo dawa ni ile ile.

Maji ya kuchemshia dagaa huulizwa na kila mtu anayetoka madiko ya kaskazini. Uchafu wake ni chakula kizuri, lakini ile chumvi! Bahari ina kama gramu 35 za chumvi kwa lita, na sufuria la dagaa linaweza kuwa na zaidi ya hapo. Chlorella wa maji baridi hufa humo siku ya kwanza. Jamii za baharini kama Nannochloropsis huvumilia maji ya chumvi ya bahari, na Dunaliella huishi hata kwenye mashamba ya chumvi. Basi ukitaka kuyatumia maji ya dagaa, punguza ukali wake kwa maji ya kuoshea samaki, na uanze na mbegu ya mwani kutoka baharini.

Pemba huniuliza kuhusu kiwanda cha Wawi kinachokeneka mafuta kwenye makonyo, yaani vikonyo vya karafuu. Hapo huwa nasema hapana haraka kabla mtu hajabeba ndoo. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni yujinoli, ndiyo ile inayotiwa kwenye jino bovu, na kinachoua vijidudu vya jino huua pia vijidudu vya tangi. Maji yanayobaki baada ya kukenekea makonyo yana mabaki yake. Labda yakipozwa, yakikaa siku nyingi juani na kuchanganywa na maji mengi mengine, lakini usianzie hapo.

Maji yenye molasi ni meusi kama kahawa, jua halipenyi. Maji ya kuloweka muhogo mchungu yana sayanaidi. Yaache.

Bwawa la mita mia moja za mraba litanipa lita ngapi za mafuta?

Tuhesabu pamoja, na mwenye kalamu achukue.

Bwawa la wazi linalotunzwa vizuri kwenye jua kama letu linaweza kutoa gramu 10 hadi 25 za mwani mkavu kwa kila mita ya mraba kwa siku. Ile 25 ni ya mabingwa siku zao nzuri. Tushike 10. Mita 100 zitatoa kilo 1 kwa siku. Katika kilo hiyo, mafuta tuseme ni asilimia 20, yaani gramu 200. Hata ukiyatoa yote bila kupoteza tone, ni kama mililita 220, kikombe cha chai kisichojaa. Kwa mwezi ni lita sita na nusu. Na bado hujalipia umeme, dawa, methanoli ya kugeuzia mafuta kuwa dizeli, na mshahara wa kijana anayelinda tangi.

Sasa hesabu upande wa pili. Kilo ile ile moja ya mwani imemeza kama gramu 70 au 80 za nitrojeni. Ikiwa maji yako yana miligramu 50 za nitrojeni kwa lita, umesafisha kama lita 1,500 kwa siku. Hapo ndipo mwenye kiwanda anapokaa vizuri kwenye kiti.

Mbona tunasikia mwani unatoa mafuta kuliko mbegu zote duniani?

Unaweza kutoa mengi kwa ekari kuliko alizeti au mibono, hilo si uongo. Tatizo ni masharti yake. Mwani hujaza mafuta mwilini unapokosa nitrojeni: ukiwa na njaa, unaweka akiba. Lakini ukiwa na njaa pia unaacha kukua. Ukiushibisha nitrojeni, unakua mbio, na mwili wake unakuwa protini, mafuta kidogo. Na maji machafu ya chakula ni nini? Ni shibe ya nitrojeni. Kwa hiyo aliyesoma kwamba mwani una mafuta asilimia 50 amesoma kweli, ila ni mwani wa chupa ya maabara ulionyimwa chakula. Huwezi kuusafishia maji na kuunyima chakula kwa wakati mmoja.

Wenye fedha walijaribu kabla yetu. Wizara ya nishati ya Marekani ilikuwa na programu ya mwani tangu 1978 hadi 1996. Walichimba mabwawa mawili ya mita za mraba 1,000 kila moja huko Roswell, New Mexico, na kilichowasumbua kilikuwa baridi ya usiku, pamoja na mwani wa kienyeji ulioingia kwenye mabwawa na kuwafukuza wale waliochaguliwa maabara. Mwaka 2009 kampuni ya ExxonMobil ilitangaza kwamba ingetia hadi dola milioni 600 kwenye mafuta ya mwani, na mwaka 2023 ikajitoa. Hawakushindwa kukuza mwani. Bei ya lita ndiyo iliyowashinda. Baridi ya usiku sisi hatuna, lakini bei ya lita tunayo.

Kuuvuna ni kazi gani? Si unachuja tu kwa kitambaa?

Nilijaribu kwa kanga iliyokunjwa mara nne. Maji yalipita na ukijani wake wote, na nyumbani nikaulizwa kanga imepatwa na nini.

Hapa ndipo fedha inapopotelea. Bwawa zuri la wazi lina nusu gramu tu ya mwani kwa lita. Kupata kilo moja mkavu inabidi upitishe lita 2,000 za maji. Mashine za kuzungusha kwa kasi zinautenga vizuri na zinakula umeme vizuri vile vile. Njia ya mnyonge ni kuufanya ugande na kuzama: shabu hufanya kazi, mbegu za mlonge zilizotwangwa nazo hufanya kazi, ndizo zile bibi zetu walizosafishia maji ya kisima. Shabu ina ubaya wake: aluminiamu hubaki ndani ya mwani, na ukitaka kuutumia kama mbolea au chakula cha samaki umejiharibia.

Kuna siku, usiku wa upepo tulivu, mwani wetu uliganda wenyewe na kuzama bila dawa. Hutokea bakteria na mwani wakishikamana vibonge. Wataalamu wa maji machafu hulitafuta jambo hili makusudi kwa kuurudisha tangini ule uliozama vizuri, kama unavyobakiza chachu ya mkate wa kumimina kwa ajili ya kesho. Tangu tulipoanza kufanya hivyo, shabu tumeipunguza.

Na dizeli yenyewe inatengenezwaje?

Mwani unakaushwa, mafuta yanatolewa kwa kimiminika kinachoyayeyusha, kisha yanachanganywa na methanoli na kostiki au potasi. Kilo 100 za mafuta na kama kilo 11 za methanoli hutoa karibu kilo 100 za bayodizeli, na kilo 10 hivi za gliserini ambayo watengeneza sabuni wanaijua. Methanoli ni sumu inayopofusha na inashika moto upesi, kwa hiyo usifanye jikoni.

Ikiwa unachotaka khasa ni bayodizeli, nitakwambia siri ambayo haitanipatia mradi: nenda kwenye mahoteli na kwa wakaanga chipsi ukusanye mafuta yaliyotumika. Yale ni mafuta tayari. Hayahitaji bwawa, jua, wala kanga ya mke wangu.

Mashine ya boti yangu itayakubali?

Nyingi za mashine za kufunga nyuma ya boti hapa ni za petroli. Bayodizeli ni ya injini za dizeli tu: majenereta, malori, mashine za ndani za boti kubwa. Usiijaribu kwenye ya petroli.

Kama mafuta ni kidogo, gesi je?

Gesi ndiyo inayoeleweka. Kwa bayogesi huna haja ya kukausha mwani, unautia ukiwa tope. Kilo moja ya mwani kwa hesabu ya mkavu hutoa kama lita 200 hadi 300 za methani, ile gesi inayowaka ndani ya bayogesi, ambayo ni moto zaidi kidogo kuliko ule wa gramu 200 za mafuta tulizohesabu juu, tena bila methanoli wala mashine ya kuzungusha. Jiko la moto mmoja litawaka kama saa nzima.

Lakini kuna hesabu nyingine inayonifanya nibishane na watu kwenye mikutano. Chukua zile lita 1,500 za maji machafu kabla hazijafika kwa mwani. Tuseme zina uchafu unaooza unaohitaji gramu 3 za oksijeni kwa lita, jambo la kawaida kwa maji ya maziwa au samaki. Jumla ni kilo 4.5. Kila kilo moja ya hiyo, ikiozeshwa mahali pasipo hewa, kinadharia hutoa lita 350 za methani. Yaani maji yenyewe yana zaidi ya lita 1,500 za methani ndani yake, na hata ukipata nusu tu, ni mara kadhaa ya utakayopata kwa mwani.

Kwa hiyo mpangilio wetu ni mtungi wa bayogesi kwanza, bwawa la mwani baadaye. Mtungi unakula uchafu na kutoa gesi, ila nitrojeni na fosforasi hauzigusi, zinatoka kama zilivyoingia. Ndipo mwani unapozipokea. Mwani uliovunwa unarudi mtungini au shambani. Anayeanza na bwawa kwa sababu bwawa linapendeza kwenye picha anachoma gesi yake bure juani.

Tahadhari moja: chumvi nyingi huwadhoofisha bakteria wa methani. Maji ya dagaa usiyatie mtungini peke yake.

Umeme ukikatika?

Waliokaa kiza Unguja tangu Disemba 2009 hadi Machi 2010, waya wa chini ya bahari ulipoharibika, hawahitaji kuelezwa kwa nini swali hili lipo. Bwawa linahitaji gurudumu la kuchanganya maji ili kila chembe ipate zamu yake ya jua. Likisimama saa chache mchana, mwani unazama chini tu, na ukichanganya tena unarudi. Likisimama siku mbili, chini kunaoza na majirani watakuja na sheha. Uzuri ni kwamba kuchanganya kunahitajika zaidi jua likiwaka, na wakati huo ndio paneli za sola zinafanya kazi. Sisi hatuna hata betri.

Masika yakija?

Mvua ya Aprili ilitufanya tuanze upya mara mbili. Bwawa la kina cha sentimita 25 likipata mvua ya usiku kucha linafurika, mwani unakwenda na maji, na kilichobaki ni chepesi kama chai ya mgonjwa. Zaidi ya hayo mawingu yanapunguza jua. Acha ukuta wa sentimita 20 juu ya maji, weka bomba la kutolea ziada liende kwenye tangi jingine, na ukubali kwamba Aprili na Mei mavuno yatashuka.

Kubwa zaidi ni chini ya bwawa. Sehemu kubwa ya ardhi yetu, khasa upande wa uwandani, ni jiwe la matumbawe lenye matundu. Maji hayakai, yanakwenda moja kwa moja kwenye maji ya visima tunayokunywa. Bwawa lisilotandikwa plastiki nzito au saruji ni karo la wazi lenye rangi nzuri.

Vidudu vinaweza kuula mwani wote?

Ndani ya siku tatu. Kuna wanyama wadogo wanaoogelea, unawaona kwa hadubini ndogo ya skuli, na wakizaliana tangi la kijani linageuka kahawia, kisha jeupe. Unachoweza kufanya ni kuangalia kila asubuhi na kuweka akiba ya mbegu kwenye madumu yaliyofunikwa mbali na tangi.

Mbu na kichocho?

Maji yanayotembea hayampendezi mbu kutaga, yaliyosimama kwenye kona yanampendeza sana. Jenga bwawa la mviringo bila kona. Kichocho kinahitaji konokono wa maji baridi na mtu aliyekojoa majini: weka uzio, toa konokono, watoto wasiogelee. Bwawa la maji ya chumvi halina shida hiyo.

Damu ya machinjioni ni najisi. Gesi yake inafaa kupikia futari?

Mimi fundi, si sheikh. Naweza kusema kwamba methani ni hewa inayotokana na kuoza, na ikisafishwa haina rangi wala damu ndani yake. Hukumu yake muulize mwenye elimu, na umwambie ukweli wote wa maji yalikotoka. Waliotangulia kuuliza walianza na maji ya samaki na maziwa, wakalikwepa swali.

Mwani unaweza kuliwa, au kupewa kuku na samaki?

Wa maji machafu, mtu asiule. Spirulina inayouzwa madukani hukuzwa kwenye maji safi yaliyotiwa virutubisho. Kwa shamba, tope la mwani ni mbolea nzuri ya polepole, mradi halikugandishwa kwa shabu nyingi. Kwa samaki, uliokuzwa kwenye maji ya kuoshea samaki unaweza kufaa, lakini upimwe kwanza. Wanaototoa vifaranga vya jongoo bahari huulisha mwani mdogo kila siku, ila wao huufuga kwa usafi wa hospitali.

Nahitaji vibali?

Kwa tangi la majaribio la lita mia, ongea na sheha na majirani. Kwa bwawa la kiwanda, nenda ZEMA, mamlaka ya mazingira ya Zanzibar, mapema, kabla ya kuchimba, maana Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 3 ya 2015 inahusu maji unayoyaachia na tathmini ya athari. Ukitaka kuuza mafuta au nishati, mlango ni wa ZURA, mamlaka ya Zanzibar inayodhibiti huduma za maji na nishati.

Tuko skuli Pemba, hatuna fedha. Tuanze vipi?

Ndoo tatu nyeupe za lita 20. Zote zijazwe maji ya kuoshea samaki yaliyochujwa kwa kitambaa na kuchanganywa na maji ya mvua nusu kwa nusu. Ya kwanza muiache hivyo hivyo juani. Ya pili mtie lita moja ya maji ya kijani kutoka pipa la mvua au dimbwi la karibu, nayo ikae juani. Ya tatu mtie kijani hicho hicho kisha muifunike kwa gunia jeusi. Korogeni zote asubuhi, adhuhuri na alasiri.

Tengenezeni kisahani cheupe chenye alama nyeusi ya msalaba, mkifunge kwenye kijiti chenye alama za sentimita, mkizamishe kila siku na kuandika ni kina gani msalaba unapotea. Nuseni pia, na muandike harufu kwa maneno yenu wenyewe. Ya tatu itanuka kwanza. Ya pili ikifika siku ya sita au ya saba bila kijani, maji yenu yalikuwa makali: mwageni shambani, safari hii changanyeni moja kwa tatu, muanze tena.